Picha Ipi Ichapishwe: Kisa cha Filamu ya Cidade de Deus

Mwezi Januari 2003, filamu ya Kibrazili *Cidade de Deus* ilikuwa imeshatazamwa na watu zaidi ya milioni 3 nchini mwake na ilikuwa inaanza kuzunguka dunia. Sifa zilikuwa zinamiminika kutoka kila upande. Ndipo rapa MV Bill alipotoa barua ya wazi. Huyu hakuwa mchambuzi wa filamu. Ni mtoto wa Cidade de Deus yenyewe, mtaa wa magharibi mwa Rio de Janeiro ulioipa filamu jina na hadithi. Alichosema kilikuwa kizito: filamu imewanufaisha wengi, lakini mtaa haikuuletea kitu, na watoto ambao tayari walikuwa wanatazamwa kwa jicho baya sasa wamegongwa muhuri wa ujambazi mbele ya dunia nzima.

Naipenda filamu hii kwa moyo wote, na naamini MV Bill alikuwa na haki ya kusema alichosema. Kila inapotajwa, watu hugombana juu ya jambo moja: ukatili wake umezidi au haukuzidi? Naona swali hilo si lenyewe. Kisa hiki ni cha picha hasa: nani anapiga, nani anapigwa, ipi inachapishwa, ipi inafichwa, na mwenye sura anabaki na nini mkononi. La ajabu ni kwamba filamu yenyewe inalijua hilo, na inalisema kinagaubaga katika dakika zake za mwisho.

Mbali na kadi za posta

Cidade de Deus ni Mji wa Mungu kwa Kireno, lakini mtaa huu ulizaliwa kwa amri ya serikali. Katika miaka ya 1960 wakubwa wa jimbo la Guanabara, ambalo siku hizo ndilo lililokuwa jiji la Rio, waliamua kuziondoa favela, yaani mitaa ya mabanda ya maskini, zilizojibana karibu na maeneo ya matajiri. Wakazi wakapelekwa mbali upande wa magharibi, kwenye nyumba ndogo zinazofanana. Mwaka 1966 mvua kubwa zikabomoa makazi ya wengi, nao wakapelekwa hukohuko ilhali ujenzi haujaisha. Msimulizi wa filamu, kijana aitwaye Buscapé, anaeleza kwamba hapakuwa na umeme, lami wala basi, na kwamba wenye nchi hawakujali kwa kuwa mahali pale palikuwa mbali na ile Rio ya kwenye kadi za posta. Sentensi hiyo inapita upesi mwanzoni na wengi hawaikumbuki. Mimi naona ufunguo uko hapo. Watu hawa waliondolewa kwenye picha ya jiji lao miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuja na kamera kuwaingiza kwenye picha nyingine.

Aliyeiandika hadithi kwanza ni Paulo Lins, aliyehamia mtaani hapo akiwa mtoto. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo alifanya kazi chini ya mwanaanthropolojia Alba Zaluar, aliyekuwa akitafiti uhalifu hapo Cidade de Deus. Kazi ya Lins ilikuwa kukaa na watu na kuwasikiliza, na alikuwa akiwasikiliza majirani zake mwenyewe. Kutokana na mazungumzo hayo akaandika riwaya ya kurasa zaidi ya 500 iliyotoka mwaka 1997. Ni riwaya iliyojaa watu, mmoja akiingia mwingine anauawa, na haina steringi.

Riwaya hiyo ikamfikia Fernando Meirelles, mtu wa São Paulo aliyesomea usanifu wa majengo na aliyejijengea jina katika matangazo ya televisheni. Favela hakuzijua, na hakujifanya anazijua. Akamwita Kátia Lund, ambaye mwaka 1999 alikuwa ametoa pamoja na João Moreira Salles filamu ya makala kuhusu vita vya dawa za kulevya vya Rio, ikiwahoji polisi, wauzaji na wakazi waliobanwa katikati. Lund ndiye aliyekuwa na njia za kuingilia na watu wa kuzungumza nao. Tutarudi kwake, maana jinsi alivyotendewa baadaye ni sehemu ya kisa.

Kipande cha kuandika mswada alipewa Bráulio Mantovani. Kazi yake ilikuwa kuuchukua umati ule wa wahusika na kuufanya uweze kufuatwa na mtu aliyekaa sinema kwa saa 2 na dakika 10. Aliufunga kwa Buscapé, kijana anayetaka kuwa mpiga picha.

Vijana waliopatikana mitaani

Kule Brazil waigizaji mashuhuri hutoka kwenye tamthilia za televisheni, na wakati ule sura nyeusi zilikuwa chache mno humo. Filamu hii ilihitaji makumi ya vijana weusi wa favela, kwa hiyo ikawabidi waende kuwatafuta walipo. Walishirikiana na Nós do Morro, kikundi cha maigizo cha favela ya Vidigal kilichoanzishwa na Guti Fraga mwaka 1986. Vijana zaidi ya mia moja walichaguliwa, wakawekwa kwenye warsha kwa miezi kadhaa. Hawakupewa karatasi za kukariri. Walipewa hali: umevamia duka, mwenye duka anakataa, fanya. Mantovani na waongozaji wakawa wanaokota maneno yaliyotoka vinywani mwao na kuyarudisha kwenye mswada. Kabla ya kuingia kwenye filamu kubwa walijipima kwa filamu fupi iitwayo *Palace II* ya mwaka 2000, wakiwatumia wavulana wawili, Douglas Silva na Darlan Cunha. Douglas ndiye baadaye aliyecheza Dadinho, yule mtoto anayecheka huku akiua.

Dadinho akikua anakuwa Zé Pequeno, na hapo akaingia Leandro Firmino. Firmino ni wa Cidade de Deus. Hakuwa na mpango wa kuwa mwigizaji. Alimsindikiza tu rafiki yake kwenye usaili, akachukuliwa yeye. Kauli anayoitoa ya kulikana jina lake la utotoni na kutangaza jina jipya imekuwa msemo Brazil nzima. Wanaisema hata watu ambao filamu hawajaiona.

Seu Jorge, mwanamuziki, ndiye Mané Galinha: mtu mtulivu, kondakta wa basi, ambaye anabadilika na kuwa muuaji baada ya mpenzi wake kubakwa na ndugu yake kuuawa. Seu Jorge mwenyewe katika ujana wake alipoteza ndugu aliyeuawa, familia ikasambaratika, akaishi mitaani Rio kwa miaka takriban 3. Sidhani kuna shule ya uigizaji inayofundisha sura ile anayokuwa nayo anaposimama mbele ya maiti ya mdogo wake.

Kuna tukio jingine ambalo wapenzi wa filamu hii hulisimulia sana, na lina haki ya kusimuliwa. Kabla ya vita vya mwisho genge moja linasimama kwa duara, bunduki mkononi, na kusali Baba Yetu. Halikuwa kwenye mswada. Kijana mmoja aliyewahi kuwa ndani ya maisha hayo alishangaa wanawezaje kwenda vitani bila kusali, kwa sababu huko alikotoka walikuwa wanasali. Wakamwachia aongoze. Ukiitazama sehemu hiyo ukijua lilivyopatikana, utaona wengine hawaigizi kabisa. Wamefumba macho, na midomo yao inakwenda sawasawa kwa maneno waliyoyajua tangu utotoni.

Upande wa kamera, mpiga picha mkuu César Charlone, raia wa Uruguay, aliigawa filamu katika nyakati tatu. Miaka ya 1960 ina rangi ya dhahabu na kamera imetulia. Miaka ya 1970 inachangamka, rangi zinakolea, kamera inaanza kutembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 rangi zinapoa, kamera inashikwa mkononi na kutetemeka, na mhariri Daniel Rezende anakata picha kwa pupa. Mtaa wenyewe wa Cidade de Deus ulikuwa hatari mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo sehemu kubwa ilipigwa Cidade Alta, eneo jingine la Rio. Gharama yote ilikuwa takriban dola milioni 3.3, na ilikuja kuingiza takriban dola milioni 30 duniani. Yaweke kichwani mahesabu hayo.

Mkono au mguu

Sasa tufike pale ambapo watu wengi huweka mkono usoni.

Zé Pequeno ameweka sheria kwamba ndani ya mtaa wake hakuna kuiba. Si kwa wema. Wizi unaleta polisi, na polisi wanaharibu biashara. Kuna genge la watoto wadogo liitwalo Caixa Baixa ambalo limeivunja sheria hiyo. Zé na watu wake wanawafukuza, wanawakamata wawili kwenye uchochoro. Mmoja ni mdogo kabisa, wa umri wa mtoto ambaye kwetu angekuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Zé anawauliza wanataka kupigwa risasi wapi, mkononi au mguuni. Watoto, wakilia, wananyoosha mikono. Anawapiga miguuni.

Hayo bado si makali. Zé ana mvulana anayemlea kwenye kazi, Filé com Fritas, ambaye naye ni mtoto. Anampa bastola na kumwambia achague mmoja kati ya wale wawili amuue. Kamera inahama. Inawaacha waliojeruhiwa, inakaa kwenye uso wa Filé anayetakiwa kuchagua, kisha inarudi kwa yule mdogo aliyeshika mguu na analia kwa namna ambayo mtazamaji hawezi kujiambia kwamba ni maigizo. Risasi ikilia, kinachoonekana ni kidogo sana. Damu katika filamu hii ni chache kuliko watu wanavyoikumbuka. Waliotoka sinema wakisema wameona machinjo wameyaona zaidi kwa masikio na kwa nyuso.

Nimesoma maoni mengi kwamba tukio hili lilipaswa kukatwa, kwamba ni kumtesa mtazamaji bila sababu. Sikubaliani. Filamu za ujambazi tulizolelewa nazo zinatupa jambazi wa kupendeza: amevaa vizuri, anapiga risasi kwa madaha, tunatoka tukimwigiza. Mpaka dakika hiyo hata *Cidade de Deus* ina utamu huo. Muziki ni mzuri, kuna vichekesho, kuku anakimbizwa vichochoroni na genge zima lenye bastola na ukumbi unacheka. Uchochoro ule wa watoto unaufuta utamu wote. Baada ya hapo Zé hawezi kumpendeza mtu tena, na anayetoka akimshangilia ameyafumba macho kwa hiari yake. Kwa hilo naitetea filamu mbele ya yeyote.

Lakini hapohapo pana swali ambalo utetezi wangu haulifuti. Yule aliyelia alikuwa mtoto kweli. Mkufunzi aliyewaandaa waigizaji, Fátima Toledo, alikuwa amefanya kazi pia na watoto wa *Pixote*, filamu ya Hector Babenco ya mwaka 1981 kuhusu watoto wa mitaani. Kila Mbrazili wa fani hiyo anakijua kilichompata mtoto aliyeicheza *Pixote*. Fernando Ramos da Silva, aliyetoka familia maskini ya Diadema, alisifiwa dunia nzima, akajaribu televisheni ikamshinda kwa kuwa kusoma ilikuwa shida, akarudi kwenye umaskini uleule, na mwezi Agosti 1987 akapigwa risasi na polisi akiwa na miaka 19. Picha yake ilibaki kwenye mabango. Kwa hiyo waliotengeneza filamu mwaka 2001 hawakuwa gizani. Mfano ulikuwepo, na ulikuwa na kaburi.

Walivyoipokea

Filamu ilionyeshwa kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2002 nje ya mashindano, ikafika kumbi za Brazil tarehe 30 Agosti. Katikati ya tarehe hizo kuna tukio ambalo watazamaji wa nje hawalijui na bila hilo huwezi kuelewa Wabrazili waliingia ukumbini na moyo gani. Mwezi Juni 2002 mwandishi wa televisheni Tim Lopes, aliyekuwa akipeleleza biashara ya dawa za kulevya kwenye favela kwa kamera ya kificho, alikamatwa na genge, akateswa na kuuawa. Nchi nzima ililia. Karibu miezi mitatu baadaye watu walikuwa wanakata tiketi ya kumtazama kijana mwenye kamera akiishi katikati ya wenye bunduki.

Wapo waliotoka wakisema nchi imejiona kwenye kioo kwa mara ya kwanza. Wapo waliokasirika. Mtafiti Ivana Bentes ndiye aliyetoa hoja iliyobaki mpaka leo kwenye madarasa ya filamu: kwamba sinema mpya ya Brazil inaipaka njaa na mauaji vipodozi, inavifanya vitu vya kutazamwa kwa raha, na inamwonyesha maskini akimuua maskini mwenzake kana kwamba hakuna mtu mwingine kwenye habari hiyo. Sehemu ya mwisho ya hoja hiyo naiona nzito kuliko ya kwanza. Katika filamu silaha zinafika, unga unafika, fedha zinatoka, lakini wanaozileta na wanaozipokea ng'ambo ya mtaa hawana sura. Polisi wala rushwa tunawaona. Juu ya polisi hatumwoni mtu.

Mwaka 2004 ikaja heshima kubwa ya Marekani: Oscar iliiteua kwa vipengele 4, yaani uongozaji, mswada uliotokana na kitabu, upigaji picha na uhariri. Haikuchukua hata kimoja. Na kwenye kipengele cha uongozaji lilisomwa jina moja tu, la Meirelles. Kátia Lund, ambaye kwenye filamu yenyewe ametajwa kama mwongozaji mwenza, hakuwemo. Utetezi uliotolewa ni kwamba maamuzi ya kamera, uhariri na sura ya jumla yalikuwa ya Meirelles, na Lund alishughulika zaidi na waigizaji. Nauona utetezi huo ni dhaifu kwa filamu hii kuliko kwa nyingine yoyote. Ukiondoa wale vijana, ukaondoa yale maneno yao na ile sala, kinachobaki ni kamera nzuri inayozunguka mtaa mtupu.

Picha mbili za Buscapé

Twende kwenye tukio nililolitaja mwanzoni.

Buscapé amekuwa akibeba magazeti kama kibarua. Zé Pequeno ameudhika kwa sababu adui yake Mané Galinha ametokea gazetini na yeye hajatokea. Anataka kupigwa picha na bunduki zake. Hakuna kwenye genge anayejua kutumia kamera, anaitwa Buscapé. Picha zinafika kwenye chumba cha habari na zinachapishwa bila yeye kujua. Buscapé anaamini sasa atauawa. Kumbe Zé amefurahi kupita kiasi: hatimaye naye ni mtu.

Kisha vita vya mwisho vinakuja, na Buscapé akiwa amejificha anapiga picha mbili muhimu. Ya kwanza ni ya polisi wakipokea fedha kutoka kwa Zé na kumwachia. Ya pili ni ya maiti ya Zé, baada ya wale watoto wa Caixa Baixa kummiminia risasi. Anazisafisha zote. Ya polisi ingempa jina kubwa, na ingemfanya awindwe. Ya maiti itampa ajira. Gazeti linachapisha maiti.

Tazama filamu imesema nini hapo. Imesema kwamba anayetoka mtaani na kamera ataruhusiwa kuuza kitu kimoja, maiti ya mwenzake. Picha inayowagusa wenye mamlaka itabaki bahashani. Ni ungamo, na lilitolewa na filamu ambayo nayo ilikuwa inaelekea kuuzwa duniani kwa maiti za favela. Bentes na MV Bill walipokuja kulalamika, malalamiko yao yalikuwa yameshaandikwa ndani ya kazi wanayoilalamikia. Kwa macho yangu hilo haliipunguzii filamu heshima. Linaiongezea deni, kwa sababu aliyeungama hawezi kudai hakujua.

Nani alibaki na nini

Deni lililipwa kwa kiasi gani? Lipo lililolipwa. Ile warsha haikuvunjwa; iligeuka kuwa shirika la kufundisha vijana kazi za filamu, Nós do Cinema, ambalo baadaye likaitwa Cinema Nosso. Douglas Silva na Darlan Cunha walipata mfululizo wa televisheni wa *Cidade dos Homens* ulioanza 2002 na filamu yake ya 2007. Alice Braga, aliyemcheza Angélica, msichana anayependwa na Buscapé, alifika Hollywood. Seu Jorge anajaza kumbi za muziki duniani.

Na lipo lisilolipwa. Mwaka 2013 Cavi Borges na Luciano Vidigal walitoa filamu ya makala ya kuwafuatilia waigizaji miaka kumi baadaye. Ndani yake unakutana na waliorudi kwenye vibarua, mmoja aliyewahi kukamatwa kwa wizi, na mmoja ambaye familia haijui kama yu hai. Alexandre Rodrigues, Buscapé mwenyewe, sura iliyo kwenye bango la filamu kote duniani, alikuja kuonekana akiendesha teksi ya kuitwa kwa simu. Kazi hiyo ni halali na haina aibu hata chembe. Kinachonichoma ni ile milioni 30 ya hesabu ya juu.

Mtaa nao ulibaki na jina. Barack Obama alipozuru Rio mwezi Machi 2011 alipelekwa Cidade de Deus, na habari za nje zikautambulisha kama mtaa wa ile filamu. Mwaka 2016 binti wa mtaa huo, Rafaela Silva, alitwaa dhahabu ya judo kwenye Olimpiki ya Rio, dhahabu ya kwanza ya Brazil katika mashindano hayo. Hata siku yake hiyo, ripoti nyingi za kigeni hazikumaliza aya mbili bila kuitaja filamu ya majambazi.

MV Bill hakuishia kwenye barua. Yeye na Celso Athayde, ambao ni kati ya waanzilishi wa shirika la CUFA la vijana wa favela, walizunguka Brazil kwa miaka wakiwahoji watoto wanaolinda na kuuza kwenye vijiwe vya unga. Kazi hiyo, *Falcão: Meninos do Tráfico*, ilirushwa na televisheni ya Globo mwezi Machi 2006. Kati ya vijana 17 waliofuatiliwa, 16 walikuwa wameshakufa. Wanaodai kwamba MV Bill alitaka ukatili wa favela ufichwe wajibu hapo. Ameonyesha ukatili uleule, kwa watoto wa umri uleule, kwenye kituo kikubwa kuliko vyote nchini. Tofauti ni kwamba watoto wanaongea wenyewe, nyuso zimefichwa, na hakuna muziki wa kuchezea. Filamu ya Meirelles inaniumiza na kunivutia. Hii inaniumiza tu.

Meirelles alikuja kwetu pia. Filamu yake iliyofuata, *The Constant Gardener* ya 2005, aliipiga Kenya, Kibera na Loiyangalani, Charlone akiwa tena nyuma ya kamera. Safari hii waliohusika waliacha mfuko wa hisani, Constant Gardener Trust, kwa ajili ya elimu na huduma za msingi katika maeneo waliyopigia picha. Nahesabu hiyo ni hatua. Bado mfuko wa hisani na mgawo wa mapato ni vitu viwili. Cha kwanza anatoa mwenye nacho akipenda, cha pili unakidai kwa karatasi uliyosaini. Vijana wetu wanaoitwa kuigiza kwenye filamu za wageni Kibera, Mathare au Manzese wana haki ya kuonyeshwa karatasi hiyo kabla kamera haijawashwa, wakiwa na mtu wa kuwasomea kila kipengele.

Mwaka 2024 hadithi ilirudi kama mfululizo wa televisheni, Alexandre Rodrigues akiwa Buscapé tena, sasa mtu mzima mwenye kamera yake. Anayetaka kuingia kwenye kisa hiki aanze na filamu ya 2002, watoto wakiwa wamelala. Kisha atafute *Falcão*, halafu ile makala ya 2013. Mfululizo wa 2024 auache wa mwisho, na akiutazama aangalie majina yanayopita mwishoni: wangapi wa 2002 wamerudi, na wamerudi kwa nafasi gani.